Unaandika utafiti wa Historia? Zingatia haya 6 kupata swali zuri

Mwanafunzi akiambiwa aandike utafiti wa Historia, mara nyingi anakimbilia kichwa: "Vita vya Majimaji", "Biashara ya Utumwa", "Ukoloni Tanganyika". Msimamizi anakirudisha. Anabadilisha maneno mawili, kinarudishwa tena. Wiki zinakatika na muhula unaisha.

Hapo tatizo mara nyingi si lugha. Ni kwamba amepeleka mada, hajapeleka swali.

Tutumie Majimaji kama mfano, maana karibu kila aliyepita sekondari Tanzania amevisoma vita hivi.

1. Tofautisha mada na swali

"Vita vya Majimaji" ni mada. Ukiandika "Sababu za Vita vya Majimaji ni zipi?" umeweka alama ya kuuliza, lakini jibu liko tayari kwenye kitabu cha kidato: kodi, kazi za lazima, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida. Utaishia kudesa tu.

Kipimo ni rahisi. Kama unaweza kulijibu usiku mmoja bila kugusa ushahidi wowote mpya, hilo bado si swali la utafiti.

2. Punguza mahali, wakati na watu

Vita vilianza Julai 1905 kwenye Milima ya Matumbi, vikasambaa kusini hadi Songea na Mahenge, na vikaisha 1907. Huwezi kuyabeba yote hayo kwenye kurasa 40. Chagua wilaya moja, au miezi michache, au kundi moja la watu: wanawake, maakida, wamisionari, wapagazi.

Usiogope kwamba swali litakuwa dogo mno. Swali dogo lenye ushahidi lina faida kuliko swali kubwa lenye maneno matupu.

3. Tafuta pale pasipokaa sawa

Hapa ndipo maswali mazuri yanapozaliwa. Soma maelezo ya kawaida, kisha jiulize ni kitu gani hakiendani nayo.

Mfano: tunaambiwa pamba ya kulazimishwa ndiyo iliyowachosha watu. Sawa. Lakini mpango huo wa pamba, ulioanza 1902, ulikuwa hasa wilaya za upande wa pwani. Sasa Wangoni, walio mbali kule Songea, waliingia vitani kwa sababu gani? Swali hilo lina kazi ndani yake.

Wanahistoria wenyewe hufanya hivyo. Mwaka 1967 John Iliffe alichapisha makala kuhusu namna vita hivi vilivyopangwa: watu wa jamii nyingi zisizo na mtawala mmoja waliunganaje? Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, Thaddeus Sunseri aliangalia Uzaramo akauliza kuhusu njaa, nguruwe pori na mvutano kati ya wanawake na wanaume. Vita ni vilevile, ila swali jipya lilifungua mlango mwingine.

4. Kagua ushahidi kabla hujalipenda swali

Swali linaweza kuwa tamu halafu likakosa pa kushika. Kabla hujaliandika rasmi, orodhesha utakachotumia na ujiulize kama unaweza kukifikia na kukisoma.

Kwa Majimaji, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya enzi za Wajerumani, lakini ni ya Kijerumani. Gavana von Götzen alitoa kitabu chake kuhusu vita hivi mwaka 1909, nacho ni cha Kijerumani. Kama husomi lugha hiyo, usichague swali linalotegemea mafaili hayo peke yake.

Pia kumbuka hakuna aliyeviona vita hivyo ambaye bado yu hai. Ukienda kwa mzee leo, atakueleza alichosimuliwa. Huo nao ni ushahidi, ila unajibu swali jingine: vita vinakumbukwaje? Songea, kwa mfano, kila Februari 27 huwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nani anatajwa sana na nani hatajwi? Hilo unaweza kulichunguza bila Kijerumani.

5. Usilifiche jibu ndani ya swali

Angalia hili: "Kwa nini Wahehe waliwasaliti wenzao kwenye Majimaji?" Mwandishi ameshahukumu. Neno "waliwasaliti" limemaliza kesi kabla ya shahidi kusikilizwa.

Liandike hivi: "Wahehe walipigana na Wajerumani hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Kwa nini hawakujiunga na Majimaji miaka 7 baadaye, na baadhi yao wakapigana upande wa Wajerumani?" Sasa jibu linaweza kuwa woga, uchovu wa vita, uhasama wa zamani na majirani, au kitu ambacho hukukifikiria kabisa.

Jiulize: kuna ushahidi gani ukiukuta utanifanya nibadilishe mawazo? Kama haupo, unaandika hotuba, si utafiti.

6. Jibu "kwa hiyo?"

Msimamizi lazima atauliza: tukishajua, kwa hiyo? Chukua idadi ya waliokufa. Wajerumani walitaja 75,000, lakini mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi waliuawa na njaa, baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala. Ukichunguza jinsi njaa ilivyopiga wilaya moja tu, unagusa jambo zito: nani anahesabiwa kuwa amekufa vitani?

Namna ya kuliandika

Mpelekee msimamizi sentensi tatu: unauliza nini, utatumia ushahidi gani, na jibu litabadilisha nini. Ukishindwa kuziandika, swali bado halijaiva.

Na jambo la mwisho, usichelewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Majimaji, miaka zaidi ya 60 baada ya vita. Walichoandika bado kinatumika. Wangesubiri miaka 20 zaidi, sehemu kubwa ya sauti hizo ingekuwa imeshazikwa.

Leo wapo waliohamishwa kwenye Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, na wapo waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengine wako mtaani kwenu, pengine nyumbani kwenu. Nyaraka zitakusubiri kabatini, lakini bibi na babu hawatakusubiri. Kama swali lako linawahusu wao, anza nalo sasa.