Shule ya Sekondari na Lugha ya Mwanafunzi: Mfano wa Kawangware, Nairobi

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi elimu ya sekondari nchini Kenya ilivyofikiriwa upya mara kwa mara tangu uhuru, na kuyapima mageuzi hayo kwa mfano wa mtaa mmoja: Kawangware, katika eneo la Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Hoja inayotetewa ni kwamba kila mageuzi yalibadili idadi ya miaka, masomo na mitihani, lakini hayakuligusa vya kutosha swali la lugha anayofikiria kwayo mwanafunzi. Swali hilo lisipojibiwa, shule inaweza kumpokea kila mtoto na bado isimfundishe.

SHULE YA WACHACHE

Mwaka 1926 Alliance High School ilifunguliwa huko Kikuyu, safari fupi tu kutoka Kawangware, kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Chini ya Edward Carey Francis, aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, shule hiyo ikawa kielelezo cha sekondari ya Kenya: bweni, uteuzi mkali, mtihani wa Cambridge, na masomo kwa Kiingereza. Mfumo huo ulikuwa na mantiki yake. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani na walimu wachache. Haikukusudia kuwasomesha wote. Hivyo lugha ilitumika kama chujio. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance katika miaka ya 1950, ameeleza katika maandishi yake ya 1986 jinsi mtoto wa shule za wakati wa utoto wake alivyopewa kitufe cha kumkabidhi mwenzake atakayesikika akisema lugha ya mama, ili mwisho wa siku wakosaji wote wajulikane na kuadhibiwa.

Wakati huohuo Kiswahili nacho kilikuwa kikisanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Yaonekana basi kwamba katika muda wa miaka minne ziliwekwa nguzo mbili ambazo mwanafunzi wa Nairobi angepimwa kwazo baadaye, nazo zote mbili zilitoka mbali na usemi wa nyumbani kwake.

MAGEUZI BAADA YA UHURU

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikubali Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Wananchi, kwa kuona kwamba nafasi za sekondari ni chache, walijenga shule za Harambee. Nazo, pamoja na uhaba wake wote, zilijitahidi kuiga mtaala wa Alliance. Kamati ya Gachathi (1976) na Tume ya Mackay (1981) zikatayarisha njia ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kufikia mtihani wake wa kwanza wa sekondari mwaka 1989. Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Hili halikuwa jambo dogo, kwani ndilo lililopanua soko la vitabu vya Kiswahili na kuongeza mahitaji ya walimu wa somo hilo. Hata hivyo, Kiswahili kilipewa vipindi vyake, bali hisabati, sayansi na historia zikabaki kwa Kiingereza. Tanzania nayo, ingawa Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike katika sekondari, haikuutekeleza uamuzi huo. Kwa hiyo tatizo hili si la Kenya peke yake.

HALI YA KAWANGWARE

Dagoretti, iliyokuwa sehemu ya Kiambu, iliingizwa Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Tofauti na Kibera, ambako ardhi ni ya serikali kwa sehemu kubwa, ardhi ya Kawangware ni mali ya watu binafsi. Wenye viwanja walijenga vyumba vya kupangisha, na wahamiaji, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, wakavijaza. Ardhi ya kujengea shule za umma ikawa adimu wakati uleule watoto walipokuwa wakiongezeka. Sera ya kuchangia gharama, iliyofuata ripoti ya Kamunge ya mwaka 1988, ilizidisha mzigo wa mzazi. Hapo ndipo shule ndogo za watu binafsi na za makanisa zilipopata nafasi, nyingine katika majengo ya mabati na mbao. Hatari ya hali hiyo ilidhihirika Septemba 2019, wakati madarasa ya shule moja ya msingi katika mtaa jirani wa Ng'ando yalipoporomoka na kuua watoto.

Milango imezidi kufunguliwa. Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003, karo ya masomo ya sekondari ikaanza kulipwa na serikali mwaka 2008, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba kila aliyemaliza darasa la nane ataingia sekondari. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya wachache ukapokea wote, bila chujio lake la lugha kuondolewa.

LUGHA NDANI YA DARASA

Mwanafunzi wa kutwa wa Kawangware hurudi kila jioni katika mtaa unaozungumza Kiswahili cha Nairobi na Sheng. Akiandika katika insha kwamba *vitabu zangu zimepotea*, au kwamba babake *anakujanga* jioni, mwalimu huyapigia mstari mwekundu. Lakini mtaalamu wa isimu atatambua kuwa hayo si maneno ya ovyo. Katika mfano wa kwanza, upatanisho wa ngeli za wingi umepunguzwa kwa kanuni. Katika mfano wa pili, kiambishi *-anga* kinaonyesha mazoea, kazi ambayo Kiswahili sanifu huifanya kwa *hu-*. Nacho kina ndugu zake katika lugha za Kiluhya na katika *-aga* ya Kikuyu, na asili yake ni ya kale katika Kibantu. Mwanafunzi huyo hakosi sarufi. Anayo sarufi ambayo shule haijaisoma. Akiadhibiwa kwa ajili yake, atakimbilia Kiingereza asichokimudu, au atanyamaza. Kitufe cha zamani hakipo, lakini ukimya wake umebaki.

HITIMISHO

Mtaala wa umilisi, ulioandaliwa mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeahidi kufuata vipawa vya mwanafunzi, na katika sekondari ya juu Kiswahili kimewekwa miongoni mwa masomo ya lazima pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Msingi wa kisheria upo. Kinachokosekana ni kazi ya wanaisimu: kuwaandaa walimu wa sekondari waielewe sarufi ya Kiswahili cha mjini, ili waitumie kama daraja la kumfikisha mwanafunzi kwenye usanifu, na kukamilisha istilahi za sayansi, ili mwalimu wa fizikia anapofafanua jambo kwa Kiswahili, kama wengi wafanyavyo wanapoona darasa limekwama, asione kwamba anaiba. Kazi hiyo isipofanywa, mtaala utabadilika tena, na mtoto wa Kawangware atabaki akisomeshwa asichokisikia.