Umeme wa Wengi

Watu huzungumzia umeme wa jua kana kwamba ugumu wake wote umo katika paneli na betri. Mimi nauona ugumu mkubwa zaidi kwa wale wanaoambiwa wajiunge. Mtu akinunua sola yake na kuiweka juu ya paa lake, hana wa kumwuliza. Lakini mtambo mmoja unapojengwa kwa ajili ya kijiji kizima, na kila nyumba ikatakiwa kulipia, swali la kwanza huwa: "Ni wa nani?"

Swali hili lina historia yake nchini Tanzania. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, navyo havikurudi mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima aliyekuwa amekatwa fedha za pamba au kahawa yake ili kukijenga chama alijifunza kwamba kitu chaweza kuitwa cha wote, kisha kikaondolewa bila yeye kuulizwa. Tusishangae basi akisita anapoombwa kiingilio cha mradi mpya.

Hata hivyo, mwaka 1994 watu wa Urambo, mkoani Tabora, walianza kujipatia umeme kwa ushirika wao wenyewe. Haukuwa wa jua. Ulitoka katika jenereta za dizeli, tena kwa saa chache za jioni. Bei yake ilizidi ile ya TANESCO. Lakini walilipa, na idadi ya waliounganishwa ikaongezeka. Naamini walilipa kwa sababu bei ile ilikuwa yao: mwanachama alijua dizeli inagharimu kiasi gani, na aliweza kusimama mkutanoni akamhoji mweka hazina.

Sasa tutazame Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichomo wilayani Ukerewe. Mwaka 2016 kampuni binafsi ilianza kuuza huko umeme wa jua. Furaha ilikuwapo, na manung'uniko pia: kwa nini mtu wa kisiwani alipie uniti moja mara nyingi zaidi ya mkazi wa Mwanza? Mwaka 2020 Serikali iliagiza wenye mitambo midogo ya namna hiyo watoze shilingi 100 kwa uniti, kama TANESCO ilivyowatoza watumiaji wadogo. Wanunuzi walipata nafuu. Wenye mitambo wakalalamika kwamba bei hiyo hairudishi gharama.

Siwezi kumlaumu mvuvi wa Ukara. Naye ni raia, na kuishi kisiwani si kosa la kutozwa faini. Wala hesabu ya mwenye mtambo si ya uongo: betri huchakaa, na nguzo hazisimami kwa dua. Kupeleka umeme kisiwani kuna gharama kuliko kuupeleka mjini, na tofauti hiyo ilipaswa kubebwa na taifa zima. Badala yake, kwanza alibebeshwa mnunuzi, halafu akabebeshwa muuzaji.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisikia kwamba wanakijiji fulani wanachelewa kujiunga na umeme wa pamoja, usiharakishe kusema kuwa hawajui thamani ya mwanga. Yeyote aliyesoma kwa koroboi anaijua. Uliza kwanza kama wameonyeshwa hesabu, na kama yupo wa kumhoji mambo yakiharibika.