RViz: Namna ya kusoma kiwambo kinachoonyesha roboti inavyouona ulimwengu

MWANAFUNZI anayeifungua programu ya RViz kwa mara ya kwanza hutarajia kuiona roboti yake ikiwa imesimama katikati ya kiwambo. Badala yake hukutana na uwanja mtupu wa rangi ya kijivu, miraba iliyopangwa kumi kwa kumi, na onyo lililoandikwa kwa rangi ya kutahadharisha kwenye upande wa kushoto. Wengi hudhani kwamba programu imeharibika. Haijaharibika. RViz haionyeshi kitu chochote mpaka iambiwe itazame nini, na itazame ikiwa imesimama wapi.

Programu hiyo hutolewa bila malipo pamoja na ROS, mkusanyiko wa programu za kuendeshea roboti ambao kampuni ya Willow Garage ya Menlo Park, California, nchini Marekani, ilianza kuukuza mnamo 2007. Kampuni hiyo ilikwisha kufunga milango yake, lakini kazi iliendelezwa na shirika la Open Robotics. Kizazi cha pili, ROS 2, kilitolewa rasmi Desemba 2017, na kile cha kwanza kikaacha kupokea marekebisho Mei 2025. Anayeanza leo, kwa hivyo, hana sababu ya kujifunza RViz ya zamani, ingawa masomo mengi yaliyomo mtandaoni bado yanaihusu na baadhi ya majina ya vitufe yamebadilika.

Ili kuelewa kazi ya chombo hiki, chukua mfano wa TurtleBot3 Burger, roboti ndogo ya kufundishia yenye uzito wa takriban kilo moja. Juu yake kuna leza inayozunguka ikipima umbali kwa kila digrii, pande zote 360. Mzunguko mmoja hutoa tarakimu 360, na mizunguko ni kama mitano kwa sekunde. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma tarakimu hizo zikimiminika na kutambua kwamba mbele kuna mlango. RViz huzigeuza kuwa nukta: ukuta ukawa mstari, na mguu wa meza ukawa kishada kidogo cha nukta mbili tatu.

Hata hivyo, picha hiyo si chumba. Ni ushahidi wa roboti kuhusu chumba, na kama ushahidi wowote, una mapengo. Mwali wa leza hupenya kioo safi, kwa hivyo mlango wa kioo unaweza kuonekana kama njia iliyo wazi. Leza iliyofungwa karibu na sakafu hukikata chumba kwa kimo kimoja tu. Itaiona miguu minne ya meza na kamwe haitauona ubao wa juu. Mtu akiyatazama hayo kwenye kiwambo hana budi kujiuliza kama kitu hakipo, au kipo ila roboti haikioni.

Mpangilio wa kiwambo chenyewe si mgumu. Katikati pana uwanja wa pande tatu, kushoto pana orodha ya maonyesho yaliyowashwa, kulia pana mipangilio ya mahali pa kutazamia, chini pana saa, na juu pana safu ya zana. Kitufe cha kushoto cha kipanya huzungusha mandhari, na gurudumu lake huyasogeza karibu au mbali. Dakika kumi zatosha kwa hayo yote. Maandishi ni ya Kiingereza kitupu, lakini si lugha inayowakwamisha wanafunzi.

Kinachowakwamisha ni fremu.

Mfikirie abiria aliyeketi ndani ya matatu. Akisema kwamba kondakta yuko hatua mbili mbele yake, asema kweli, na itabaki kweli toka Thika hadi Nairobi. Mtu aliyesimama kando ya barabara atasema kondakta huyo amempita mbio, naye pia asema kweli. Tofauti ni mahali ambapo kila mmoja amesimama anapopima. Mahali hapo ndipo wahandisi wanapopaita fremu, na roboti moja huwa nazo nyingi: fremu ya leza, fremu ya kiwiliwili, fremu ya odometria, yaani ile inayohesabu mwendo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, na fremu ya ramani. Zote huungana kama matawi ya mti mmoja, na tawi likikatika, vilivyoning'inia juu yake haviwezi kuchorwa.

Mstari wa kwanza kabisa katika paneli ya kushoto humtaka mtumiaji achague fremu isiyohama, ambayo vitu vingine vyote vitachorwa kwa kuirejelea. RViz hufunguka ikiwa imechagua ramani. Kama hakuna programu yoyote iliyokwisha kutangaza ramani, fremu hiyo haipo, na kila onyesho hukataa kuchorwa hata kama leza inafanya kazi barabara. Dawa ni kuchagua fremu ya odometria. Anayechagua fremu ya kiwiliwili naye hupata ajabu nyingine: roboti husimama tuli katikati ya kiwambo na kuta ndizo zinazotembea. Kuna wanaochukua bisibisi na kuanza kufungua magurudumu wakidhani yamekwama, ilhali wao ndio walioingia ndani ya matatu.

Fremu ikishakaa sawa, mistari mitatu ya rangi husaidia kuelekeza jicho. Mwekundu huelekea mbele ya roboti, wa kijani kushoto kwake, na wa buluu juu.

Kuongeza onyesho ni suala la kubofya kitufe kilicho chini ya paneli ya kushoto. Afadhali mwanafunzi achague kwa kufuata orodha ya mada zinazotangazwa na roboti wakati huo kuliko orodha ya aina za maonyesho, kwani hapo haoni kisichokuwapo. Lakini katika ROS 2 kuna mtego mmoja unaoudhi kuliko yote. Vihisi vingi hutangaza data kama redio itangazavyo habari: aliyekosa kusikia amekosa. RViz, isipoambiwa vinginevyo, hudai data ya leza kama barua ya rejista ambayo lazima mpokeaji aitie sahihi. Pande hizo mbili haziafikiani, na matokeo yake ni kimya; mada ipo, leza yazunguka, nukta hazionekani. Tiba ni kubadili kipengele kimoja tu cha kutegemeka kwa ujumbe, kilichofichwa chini ya jina la mada. Ramani nayo ina kasoro inayofanana na hiyo: mara nyingi hutangazwa mara moja tu, na RViz iliyochelewa kufunguliwa hubaki ikisubiri kisichorudi mpaka iombwe kupokea ujumbe uliohifadhiwa.

Aliyevuka hapo anaweza kuanza kukitumia chombo hiki kwa manufaa yake halisi, ambayo ni kuikamata roboti ikisema uongo. Katika onyesho la leza kuna nafasi ya kuandika nukta zibaki kwa muda gani kabla ya kufutika. Kwa kawaida ni sifuri, kwa maana kwamba huonekana zile za mwisho tu. Andika sekunde 20, chagua fremu ya odometria, kisha uizungushe roboti papo hapo. Ikiwa hesabu ya magurudumu ni sahihi, mistari ya ukuta italaliana moja juu ya nyingine. Ikiwa ukuta mmoja utapanuka na kuwa kama upepeo, basi roboti inaamini imegeuka kiasi ambacho haikugeuka. Tofauti ya digrii moja au mbili huvumilika. Inayozidi hapo itaiharibu ramani yoyote itakayochorwa baadaye, na hakuna programu ya kupanga safari itakayoirekebisha.

Zana mbili zilizo katika safu ya juu zahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa zote hutumiwa kwa kubofya mahali na kuburuta mshale. Ya kwanza huiambia roboti iliko. Ya pili huiambia iende. Aliyezichanganya anaweza kuiaminisha roboti kwamba iko chumba cha pili, au kuifanya ing'oe nanga wakati mwenzake ameinama mbele yake akifunga nyaya.

Tena, RViz si usukani wala breki. Husikiliza na kuchora, na mara chache hutuma agizo. Ikishalituma, haina uwezo zaidi. Kufunga dirisha lake hakusimamishi magurudumu. Mtandao wa Wi-Fi ukikatika, picha inaweza kuganda ikionyesha roboti imetulia ilhali yenyewe ingali mwendoni. Burger haiendi zaidi ya mita 0.22 kwa sekunde, na ikimgonga mtu mguuni haimwachii hata alama. Lakini kiolesura kicho hicho hutumiwa pia na wanaotengeneza mashine za kubebea mizigo mizito katika maghala, na mazoea aliyoyapata mwanafunzi mbele ya Burger ndiyo atakayokwenda nayo huko. Kitufe chekundu cha kusimamishia roboti kiwe karibu na mkono kabla ya mshale wowote kuburutwa.

Asiyekuwa na roboti anaweza kujifunza yote haya kwa tarakilishi peke yake, akitumia Gazebo, programu inayoiga roboti na chumba chake. Huko lazima RViz iambiwe ifuate saa ya uigaji na si saa ya tarakilishi, la sivyo kila ujumbe utaonekana umechelewa na kutupwa. Na mpangilio ukishakamilika, uhifadhiwe katika faili. RViz ikifunguliwa kesho bila faili hiyo, itaanza upya na uwanja ule ule mtupu wa kijivu.