Uvimbe wa Taya na Njia ya Kwenda Hospitali

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi. Hufichwa na kutojua kwa watu wanaomzunguka. Saratani ya watoto ni mojawapo. Habari zake katika Afrika ya Mashariki zastahili kujulikana na kila mwanafunzi, kwa sababu mbili. Kwanza, moja ya mavumbuzi makubwa ya udaktari katika karne ya 20 lilianzia hapa kwetu. Pili, kazi ile haijakwisha, na sehemu iliyobaki imewaangukia wauguzi na wananchi wa mitaa kama Kibera na Kawangware.

Mwaka wa 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umeharibiwa na uvimbe katika taya zote mbili, ya juu na ya chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Jipu hutokea mahali pamoja. Halitokei pembe nne kwa wakati mmoja. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ule, na tumboni mwake mlikuwa na uvimbe pia. Daktari huyu alikuwa na jicho moja tu, la pili alilipoteza utotoni. Lakini kwa jicho hilo moja aliona jambo ambalo wengi walilipita. Alifungua kumbukumbu za Mulago, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe katika figo, ini na viungo vingine. Mwaka wa 1958 aliiandika habari hiyo. Baadaye wachunguzi walipopekua daftari za kale za Hospitali ya Mengo, iliyofunguliwa mwaka wa 1897, waliukuta ugonjwa huo huo umeandikwa humo. Haukuwa mgeni; ulikuwa umekosa mtu wa kuuliza habari zake.

Burkitt aliuliza. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavipeleka katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza swali jepesi: Je, mmewaona watoto kama hawa? Kila jibu alilitia alama katika ramani. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Walisafiri majuma kumi, maili zipatazo 10,000, hata Afrika ya Kusini, wakizuru zaidi ya hospitali 50. Hawakuchukua mitambo ya thamani. Walichukua picha, daftari na subira.

Ramani ilipokamilika ilisema mambo. Ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ulikuwa haba pia Unguja na Pemba, ingawa visiwa hivyo vina joto na mvua, kwa maana huko vita vya kuangamiza malaria vilikuwa vimeanza. Basi mbu akashukiwa. Leo twajua kwamba mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara tangu uchanga hudhoofika katika ulinzi wa mwili wake, na ndipo virusi fulani hupata nafasi ya kuharibu chembe za damu yake.

Virusi hivyo navyo vina kisa chao. Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba katika hospitali moja ya London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtaalamu Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja ya Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikatua Manchester. Kipande kilipofika kilikuwa katika maji yaliyochafuka, hata ikadhaniwa kimeoza. Kumbe maji yalichafuliwa na chembe hai za saratani zilizobanduka na kuelea! Kutokana na chembe hizo, Epstein pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walivigundua virusi mwaka wa 1964. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vyaweza kumletea mwanadamu saratani.

Wakati huo huo tiba ilikuwa ikitafutwa. Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford katika hospitali ya Nairobi ambayo leo huitwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, waliwapa watoto dawa za sindano na vidonge. Uvimbe mkubwa ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Saratani iliyokuwa hukumu ya kifo ikawa ugonjwa unaotibika.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini watoto wanaendelea kufa? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo liliweka nia kwamba kufika mwaka wa 2030 watapona angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa dawa peke yake.

Natazame msomaji mtaa wa Kibera. Ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na leo umejaa watu wa kila kabila. Jiji la Nairobi liko juu, zaidi ya futi 5,000, na malaria huambukizwa huko kwa nadra. Lakini jamaa nyingi za Kibera zimetoka pande za Ziwa Victoria, na watoto huenda huko likizo na kurudi. Hospitali ya Kenyatta iko karibu, mtu aweza kuifikia kwa miguu. Na anayeishi Kawangware, magharibi ya jiji, huifikia kwa matatu. Walakini mama ambaye mtoto wake amevimba shavu huanza kwa kununua dawa ya maumivu dukani. Huambiwa ni jino. Jino hung'olewa, na uvimbe haukomi. Siku zapita, naye akihesabu nauli, kodi ya nyumba na kibarua atakachokosa. Saratani hii hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote za mwanadamu. Majuma mawili kwake ni muda mrefu.

Hapa ndipo ulipo uchunguzi wa muuguzi. Daktari hupita wodini na kuondoka, muuguzi hukaa. Yeye ndiye anayesikia kwamba mama ameacha wengine watatu nyumbani, au kwamba baba anauza kitanda. Akiyaandika anayoyasikia na kuyahesabu, masikitiko ya mtu mmoja huwa elimu ya wote. Ndivyo alivyofanya Florence Nightingale baada ya vita vya Crimea, alipoonyesha kwa hesabu kwamba askari wengi waliuawa na uchafu na maradhi kuliko majeraha. Na hapa Kenya, katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, wachunguzi walifuatilia watoto waliopatikana na saratani kati ya mwaka wa 2007 na 2009. Waliona kwamba zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla hayajakwisha. Wazazi walipoulizwa sababu, walitaja fedha, kukosa bima na taabu ya usafiri. Mzazi aliyedhaniwa mzembe alikuwa ameshindwa na gharama.

Jibu kama hilo huonyesha mahali pa kutia dawa: nauli, bima, na mtu wa kwenda kubisha hodi mtoto asiporudi kliniki. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaozuru nyumba kwa nyumba. Mhudumu mmoja akizijua dalili, kama uvimbe usiopungua, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, homa isiyoisha au michubuko isiyo na sababu, aweza kuokoa majuma yaliyokuwa yakipotea.

Nawe mwanafunzi, huhitaji kuwa daktari ili ushiriki. Dalili hizo nne umezisoma sasa. Waambie walio nyumbani. Burkitt alienda maili 10,000 kuitafuta saratani hii. Kutoka mlango wa Kibera mpaka wodi ya Kenyatta ni maili chache tu, na mtoto aliyevimba shavu hawezi kuzitembea peke yake.