Kiranga, Imana na ujio wa Mapadri Weupe nchini Burundi

Msafiri anayeingia Burundi kupitia mpaka wa Kobero na kushika njia ya Muyinga hadi Gitega hupita makanisa mengi na misikiti kadhaa. Dini hizo zilikuta wenyeji wakiwa na imani yao iliyokamilika.

Warundi walimjua Imana, muumba wa vyote, ambaye hakujengewa hekalu. Aliyeabudiwa kwa ibada maalumu alikuwa Kiranga, mkuu wa mizimu, ambaye Wanyarwanda humwita Ryangombe. Masimulizi yasema kuwa alikuwa mwindaji hodari aliyeuawa na mnyama mwenye pembe, akafia chini ya mti wa umurinzi wenye maua mekundu. Ndiyo maana ibada yake, kubandwa, ilihusishwa na mti huo. Aliyeingizwa katika ibada hiyo alipandwa na roho ya Kiranga na kunena kwa niaba yake. Msomaji wa pwani atakumbuka ngoma za pepo, ingawa kubandwa kulikuwa zaidi ya uganga: Mhutu na Mtutsi waliketi humo pamoja, na waliokwisha kuingizwa walihesabiana kuwa ndugu.

Mapadri Weupe walijaribu kwanza Rumonge, ambako wamisionari watatu waliuawa mwaka 1881. Walirudi na kufungua Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka uliofuata. Jina la Imana walilikubali liwe jina la Mungu wa Wakristo. Kiranga hakupata bahati hiyo, kwani walimhesabu kuwa Shetani, na aliyetaka ubatizo alilazimika kuiacha ibada yake. Uamuzi huo uliwaweka wengi njia panda, maana kumwacha Kiranga kulikuwa pia kuuacha udugu wa kubandwa na ulinzi dhidi ya mizimu ya wazee.

Pigo jingine lilikuwa kukoma kwa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama iliyoongozwa na Mwami pamoja na ngoma takatifu Karyenda. Chini ya utawala wa Wabelgiji, haikuadhimishwa tena baada ya mwaka 1929. Ngoma zenyewe zilisalia, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Imana naye angali katika majina ya watu: Bizimana, “Mungu ndiye ajuaye”, Hakizimana, “Mungu ndiye aokoaye”, Ntakarutimana, “hakuna kimpitacho Mungu”.