Eksirei katika uchunguzi wa rangi za michoro

Uchunguzi wa rangi kwa eksirei ni njia ya kutambua elementi za kikemia zilizomo katika rangi za mchoro bila kukwangua hata chembe moja. Picha ya kawaida ya eksirei, kama ya hospitalini, huonyesha hasa rangi nyeupe ya risasi, kwa kuwa risasi huzuia miale. Floresensi ya eksirei huenda mbali zaidi: miale hung'oa elektroni ya ndani ya atomu, elektroni nyingine hushuka kuziba pengo, na atomu hutoa eksirei yenye nishati inayoitambulisha elementi yake.

Mfano mashuhuri ni mchoro wa uwanda wa majani wa Vincent van Gogh (1887), uliomo katika jumba la makumbusho la Kröller-Müller, Uholanzi. Mwaka 2008, timu ya wanasayansi Joris Dik na Koen Janssens iliuchunguza kwa sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali, katika maabara ya DESY, Hamburg. Chini ya majani ulijitokeza uso wa mwanamke uliofunikwa na msanii mwenyewe. Zebaki ilidhihirisha sehemu nyekundu, antimoni zile nyepesi, hata rangi ya ngozi ikakadirika. Ni matokeo ya kustaajabisha kweli.

Hata hivyo, floresensi hutaja elementi, si kampaundi iliyomo. Shaba yaweza kutoka katika rangi kadhaa za kijani au buluu, na rangi za mimea kama nili hazionekani kabisa.