Jinsi ya kulinda ubora wa mchoro wa simu unapoupunguza na kuutuma

Vikundi vingi vya uzalishaji mali siku hizi huchora nembo, lebo na matangazo yao kwenye simu. Mchoro hupendeza kwenye kioo, lakini ukifika steshenari kuchapishwa hutoka na ukungu, na maandishi hayasomeki. Lebo mia mbili za asali zikishachapishwa hivyo, hela hairudi. Hapa tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na namna ya kuiepuka.

Picha imejengwa na nini?

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli, zilizopangwa kwa safu. Picha yenye pikseli 2000 kwa 2000 ina nukta milioni 4. Ukiipunguza iwe 200 kwa 200, zinabaki 40,000 tu. Yaani katika kila nukta 100, imebaki moja. Ukiikuza tena, simu haina pa kuzipata zilizopotea. Inabuni rangi za kujazia nafasi, na hapo ndipo ukungu unapoanzia.

Kwa sababu hiyo, usipunguze kamwe faili yako ya asili. Tengeneza nakala, kisha punguza nakala. Ukihitaji ukubwa mwingine, rudi kwenye asili. Usichukue nakala iliyokwisha kupunguzwa ukaipunguza tena.

Pikseli ngapi zinatosha?

Kwa uchapaji mzuri, kipimo kinachotumika sana ni nukta 300 kwa kila inchi moja, na inchi moja ni sentimita 2.54. Lebo yenye upana wa sentimita 5 inahitaji pikseli 590 hivi kwa upana. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji takriban 2480 kwa 3508. Kwa hiyo amua ukubwa kabla ya kuanza kuchora. Ni rahisi kupunguza mchoro mkubwa kuliko kukuza mdogo.

Mistari myembamba hupotea

Tuseme umechora kwa upana wa pikseli 2000, na mstari wako una unene wa pikseli 5. Ukipunguza mchoro mara kumi, mstari huo unabaki nusu ya pikseli. Nusu ya pikseli haipo, hivyo programu huuchanganya na rangi ya pembeni, na mstari mweusi huwa wa kijivu. Ili ubaki na pikseli 2, ulipaswa kuwa na 20 tangu mwanzo.

Nembo itakayoonekana ndogo, kama picha ya utambulisho ya WhatsApp, iwe na umbo moja kubwa na rangi zinazotofautiana wazi. Nyuki mmoja mnene anaonekana vizuri kuliko mzinga, ua, mti na namba ya simu kwa pamoja. Ipunguze, iangalie kwa ukubwa wake halisi, na kama imelegea ongeza ukali kidogo tu.

Michoro ya vijiraba, kama ile ya michezo ya zamani ya video, ina kanuni yake. Ikuze kwa namba kamili: mara 2, 3 au 10. Mchoro wa 32 kwa 32 uwe 320 kwa 320, si 300. Kama programu inakuruhusu kuchagua njia ya kukuza, chagua ile inayonakili kila nukta bila kuchanganya rangi.

JPEG au PNG?

JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa baadhi ya taarifa za picha. Huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ukibana sana utaona madoa kando ya herufi. Kila ukihariri na kuhifadhi upya, hasara huongezeka. Inafaa kwa picha za kamera.

PNG haitupi kitu. Inafaa kwa nembo, maandishi na rangi bapa, na huweza kuacha usuli wazi bila rangi, jambo ambalo JPEG haiwezi. Mchoro wenye rangi chache huwa mwepesi hata ukiwa PNG, kwa hiyo haumalizi bando. Picha ya kamera ikiwa PNG huwa nzito.

Kutuma kwa WhatsApp

Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana. Ubora wa HD ulioongezwa mwaka 2023 unapunguza hasara, lakini hauiondoi. Unapompelekea mchapaji, bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua hati, kisha chagua faili yako. Itafika kama ilivyo. Usitume skrinshoti, kwa kuwa hiyo hunakili nukta za kioo chako tu, si za mchoro wenyewe.

Kabla ya kulipia uchapaji

• Hakikisha faili ya asili, pamoja na leya zake, imehifadhiwa mahali pawili, kwa mfano kwenye simu na kwenye memori kadi.
• Zipe nakala majina tofauti, kama nembo-asili, nembo-lebo na nembo-whatsapp.
• Mwulize mchapaji anataka faili ya aina gani na ukubwa gani.
• Omba nakala moja ya majaribio, uisome ukiwa umeishika mkononi. Ikisomeka, ruhusu zilizobaki zichapishwe.